Mihuri ya Springfield

Mkusanyaji wa silaha za zamani anayeijua kazi yake, akikabidhiwa bunduki ya M1 Garand, hutangulia kuhakikisha haina risasi. Akisharidhika, huvuta nyuma wenzo wa chuma ulio upande wa kulia na kuielekeza bunduki kwenye mwanga. Ubavuni mwa mtutu, mahali palipokuwa pamefunikwa na wenzo huo, huonekana herufi SA, namba ya mwezi na namba ya mwaka. Huziandika. Kisha husoma namba ya bunduki yenyewe, nyuma ya tundu la kulengea, na herufi ndogo zilizochongwa juu ya boliti. Mwisho huigeuza na kutazama mbao upande wa kushoto, akitafuta mhuri wa kisanduku wenye herufi za kwanza za jina la ofisa aliyekuwa akisimamia kiwanda. GHS ni Gilbert H. Stewart. EMcF ni Earl McFarland. GAW ni George A. Woody. Mhuri wa Stewart ukikutwa kwenye bunduki ya mwaka 1944, mkusanyaji hujua papo hapo kwamba mbao hizo zilizaliwa na bunduki nyingine, maana Stewart alikuwa ameshaondoka mwaka 1942.

Huko Marekani wapo maelfu ya watu wanaosoma bunduki namna hii, na M1 Garand ndiyo wanayoisoma kuliko karibu zote.

Aliyeibuni ni John Cantius Garand, mzaliwa wa kijiji cha Saint-Rémi katika jimbo la Quebec, Kanada, mwaka 1888. Familia yake ilihamia Connecticut angali mtoto, naye akaanza mapema kufanya kazi katika kiwanda cha nguo. Mashine za kufuma ndizo zilizomfundisha ufundi. Mwaka 1919 aliingia Springfield Armory, kiwanda cha silaha cha serikali huko Massachusetts kilichokuwapo tangu 1794, na hapo alidumu hadi alipostaafu mwaka 1953. Kazi aliyopewa ilikuwa ngumu: kutengeneza bunduki ya askari wa kawaida inayojijaza yenyewe baada ya kila risasi, isiyokuwa nzito mno, isiyokwamishwa na matope, na inayoweza kutengenezwa kwa mamilioni.

Ilimchukua miaka zaidi ya kumi na tano. Alipokaribia kufika, bunduki yake ilikuwa imeundwa kwa risasi ndogo ya inchi 0.276, na ilibeba kumi. Mwaka 1932 Jenerali Douglas MacArthur, mkuu wa jeshi wakati huo, akaikataa risasi hiyo. Nchi ilikuwa katikati ya mdororo wa uchumi, na maghala yalikuwa yamejaa risasi za .30-06. Garand akarudi mezani na kuipanua kazi yake ipokee risasi kubwa, na kumi zikawa nane. Jeshi liliipitisha rasmi Januari 1936. Mwezi huohuo Garand aliikabidhi serikali haki zote za uvumbuzi wake. Baadaye bungeni uliletwa mswada wa kumlipa dola 100,000, lakini haukupita. Alifariki huko Springfield mwaka 1974 bila kupata mrabaha hata wa bunduki moja. Naliona hilo kuwa deni ambalo nchi yake haikulilipa.

Matoleo ya kwanza, kama bunduki 50,000 hivi, yalikuwa na kasoro. Gesi ya kusukuma boliti ilinaswa kwenye kifuniko kilichofungwa mdomoni mwa mtutu, na kifuniko hicho kililegea na kushika uchafu. Kuanzia 1940 Springfield ilitoboa tundu dogo upande wa chini wa mtutu, gesi ikapita hapo, na tatizo likaisha. Zile za zamani zilirudishwa karakana na kubadilishwa karibu zote. Kwa sababu hiyo bunduki ambayo jeshi liliiona ina dosari leo ni miongoni mwa zilizo adimu zaidi, na hughushiwa mara nyingi.

Vita vya Pili vya Dunia vilipofika, wanamaji wa Marekani walitua Guadalcanal Agosti 1942 wakiwa na bunduki za Springfield za mwaka 1903, ambazo kila risasi hudai boliti ivutwe kwa mkono. Mwezi Oktoba kikosi cha 164 cha jeshi la nchi kavu kiliwasili na Garand zake, na wanamaji wakajionea tofauti. Risasi nane hupangwa katika kibanio cha chuma, kisha kibanio kizima husukumwa ndani kutoka juu. Ikishatoka ya nane, kibanio huruka nje chenyewe kwa mlio mkali wa kengele. Asiyeondoa kidole gumba upesi wakati wa kujaza alibanwa na boliti, na ukucha mweusi ulikuwa alama ya kuruta. Hadi 1945 Springfield ilikuwa imetengeneza takriban milioni tatu na nusu, na kampuni ya Winchester zaidi ya nusu milioni. Vita vya Korea viliongeza wengine wawili: International Harvester, waliozoeleka kwa matrekta, na Harrington & Richardson. Uzalishaji ulikoma 1957, jumla ikiwa imepita milioni tano.

Sasa nifike kwenye jambo linalowagawa wakusanyaji. Jeshi halikujali kabisa kipuri kipi kilizaliwa na bunduki ipi. Vipuri vilitengenezwa vilingane ili viweze kubadilishana, na huo ndio uliokuwa ushindi wa viwanda vya Marekani. Baada ya vita bunduki zilipelekwa kwa mamia ya maelfu katika karakana za Raritan, Red River, San Antonio, Rock Island na kwingineko. Zilifunguliwa zote, boliti zikamwagwa pipa moja na boliti, vifyatulio na vifyatulio. Vilivyochakaa vilitupwa, vilivyofaa vilichovywa upya kwenye dawa ya fosfati, kisha bunduki ikaungwa kwa chochote kilichokuwa karibu na mkono wa fundi. Garand ya Springfield yenye boliti ya Winchester na mtutu wa miaka ya hamsini ndiyo Garand ya kawaida.

Nyingi kati ya hizo zilisafiri mbali. Ugiriki, Denmark, Italia, Uturuki, Ufilipino na Korea Kusini zilipewa kama msaada. Ethiopia pia. Wanajeshi wa Haile Selassie wa vikosi vya Kagnew, waliopelekwa Korea kuanzia 1951 na kupigana chini ya divisheni ya saba ya Marekani, walibeba silaha za Kimarekani, na mkataba wa 1953 kati ya Ethiopia na Marekani ukaleta nyingine Addis Ababa. Miaka ya karibuni shehena za silaha kuukuu kutoka maghala ya Ethiopia zimefika Marekani: Garand, karabini, na bunduki za Kiitaliano za enzi ya Mussolini, nyingi mbao zake zikiwa zimepasuka. Sheria humtaka mwagizaji achonge jina lake kwenye chuma. Wanunuzi wengi huichukia chapa hiyo. Mimi naiona ni ukurasa mmoja zaidi wa safari.

Zilizorejeshwa kwa serikali yenyewe hazina chapa hiyo. Hizo hupitia mpango wa ulengaji shabaha wa raia, uliotokana na bodi iliyoundwa mwaka 1903 wakati wa Rais Theodore Roosevelt, na leo huuzwa kutoka Anniston, Alabama, na Camp Perry, Ohio, kwa raia waliotimiza masharti. John F. Kennedy, angali seneta wa Massachusetts, alinunua yake kwa njia ya mpango huo mwaka 1959.

Bei ndiyo iliyoleta uharibifu. Bunduki ambayo kila kipuri chake ni cha mwezi mmoja huuzwa ghali kuliko ya mchanganyiko, kwa hiyo watu hununua ya mchanganyiko, huifungua, huing'oa boliti ya Winchester, huichomeka ya Springfield yenye tarehe inayofaa, na wasio waaminifu hugonga mhuri wa GHS kwenye mbao mpya. Kinachopatikana ni bunduki ambayo haijawahi kuwapo. Kilichopotea ni ushahidi wa kweli wa fundi wa Red River na askari aliyeibeba baada yake.

Kwa hiyo namsihi yeyote anayemiliki Garand kihalali, hasa iliyorithiwa kwa babu: usibadilishe hata parafujo. Futa kutu kwa mafuta mepesi, usipige mbao msasa wala vanishi, piga picha mihuri yote, andika aliyeileta na ilikotoka, na karatasi hiyo ikae pamoja na bunduki siku zote.