Mpira wa shule ni wa nani? Karatasi, umri na sisi wa Kalerwe



Wiki hii tunaandika juu ya jambo ambalo tunabishania karibu kila jioni tukitoka uwanjani. Mwenzetu mmoja, beki wa kushoto, alifanya mazoezi na timu ya shule moja ya sekondari kwa miezi mitatu. Siku ya kuandikisha wachezaji wakamuuliza namba yake ya PLE. Yeye ako na karatasi ya pointi kutoka Bukavu, tena ya Kifaransa. Jina likakatwa. Na haikuwa mpira tu, kwa sababu hapa Uganda shule nyingi zinamsomesha mchezaji mzuri kwa basari. Jina likikatwa kwenye timu, darasa nalo linaondoka.

Tulianza kwa hasira, halafu tukaanza kuuliza: sheria hii ilitoka wapi?

Mpira wa hapa ulikulia ndani ya shule za bweni za wamisionari. Namilyango ilifunguliwa mwaka 1902, King's College Budo mwaka 1906. Mchezaji alikuwa mwanafunzi anayelala palepale, anayejulikana na mwalimu wake kwa jina na kwa kitanda. Swali la nani ana haki ya kucheza lilipata uzito baadaye, ushindani ulipokua. Leo mashindano ya kitaifa ya USSSA yanafungua njia ya kwenda FEASSSA, michezo ya shule za Afrika Mashariki, ambayo mwaka 2023 ilikuwa Huye kule Rwanda na mwaka 2024 Bukedea hapahapa Uganda. Shule ikishinda inapata jina, na jina linaleta wanafunzi wanaolipa karo. Ndipo mamluki wakaingia: watu wazima wa vilabu wanavalishwa sare ya shule kwa wiki mbili. Kwa hiyo yakawekwa masharti. Mchezaji awe ameandikishwa shuleni, umri wake usivuke kikomo, na karatasi zake za mitihani ya taifa zionekane.

Tusiwe wanafiki, masharti hayo yako na sababu. Hata sisi tumeshafungwa mabao na "mwanafunzi" mwenye ndevu na watoto wawili. Lakini wavu uliotegwa kwa ajili ya mamluki unatunasa sisi.

Angalieni hesabu. Congo shule ya msingi ni miaka sita, Uganda ni saba. Mtoto anafika Kampala na miaka 15, alikuwa amemaliza la sita kule, lakini Kiingereza hajui. Anarudishwa P5. Akifika S1 ana miaka 18, S2 ana 19. Hakudanganya umri wala hakurudia darasa kwa uvivu, ni lugha na vita vilivyomchelewesha. Kwenye fomu anaonekana sawasawa na yule mwenye ndevu.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 ilimpa mkimbizi elimu ya msingi sawa na raia. Mwaka 2018 serikali na washirika walitoa mpango wa elimu kwa wakimbizi na wenyeji, na ndani yake kuna masomo ya haraka, AEP, ambapo miaka saba ya msingi inabanwa kuwa mitatu kwa waliopitwa na umri. Ni jambo zuri sana, tunalisifu. Ila mlango wa darasa ulipanuliwa, mlango wa uwanja ukabaki vilevile. Na wengi wetu wa mjini hatuko hata AEP. Tuko kwenye vituo vya Kiingereza, jioni, baada ya kubeba mizigo sokoni. Kituo si shule, kwa hiyo hakina timu inayokubalika popote.

Halafu ikaja korona. Machi 2020 shule zilifungwa, na hazikufunguka kikamilifu mpaka Januari 2022. Karibu miaka miwili Uganda nzima ilisoma kama sisi: redioni, kwa jirani, au haikusoma kabisa. Watoto wa raia nao walirudi wakiwa wakubwa kuliko madarasa yao. Tulidhani hapo watatuelewa.

Kwingine swali hili lilijibiwa. Florida, Marekani, tangu mwaka 1996 sheria inamruhusu mtoto anayesomea nyumbani kuchezea shule ya serikali ya eneo lake, mradi aoneshe kwamba anasonga mbele kimasomo na afuate masharti ya wenzake. Tim Tebow, aliyesomeshwa nyumbani na mama yake, alipita mlango huo akachezea shule ya Nease mpira wao ule wa kushika kwa mikono. Mwaka 2007 alichukua tuzo ya Heisman, kubwa kuliko zote kwa wachezaji wa vyuo. Pale hawakuuliza tu "unasoma wapi?" Waliuliza "unasoma?"

Na karibu zaidi, Kakuma. Rose Nathike Lokonyen, mkimbizi wa Sudan Kusini, alikimbia mbio za kilomita 10 za shule bila viatu akawa wa pili. Mwaka 2016 alibeba bendera ya timu ya wakimbizi Olimpiki ya Rio. Timu ile ya watu 10 ilitaka uthibitisho kwamba wewe ni mkimbizi anayetambulika. Karatasi ileile ambayo hapa haitoshi kumpa mtu jezi, kule ndiyo ilikuwa tiketi.

Hatuombi mamluki waachiwe. Tunaomba mambo mawili. Kwanza, aliye AEP au kituo kinachojulikana aruhusiwe kuchezea shule ya jirani, na miaka aliyopotezewa na safari ihesabiwe kwa barua ya ofisi ya wakimbizi. Pili, nyinyi wa mashirika: mnaponunua mipira na jezi, tengeni pia pesa ya kutafsiri karatasi na kuzipeleka UNEB kulinganishwa, tena mapema, kabla orodha za wachezaji hazijafungwa.

Ya beki wetu tumeshachanga pesa ya tafsiri. Ya UNEB bado. Amefikisha miaka 18 mwezi uliopita.