Habari za Chama cha Gofu cha Portrush

Katika kisiwa cha Ayalandi, upande wa kaskazini kabisa, uko mji mdogo wa pwani uitwao Portrush. Kando ya mji huo pana vilima vya mchanga vilivyoota nyasi, na bahari huvuma chini yake usiku na mchana. Hapo ndipo ulipo uwanja wa chama cha gofu kiitwacho Royal Portrush, ambacho umri wake umepita miaka 130. Huenda msomaji atauliza, Habari za mchezo wa mbali zatufaa nini? Zatufaa, kwa kuwa ndani yake imo habari ya watu waliogawanyika, na ya kitu kimoja ambacho hawakukubali kukigawanya.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe. Gofu kwetu ni nyumba iliyobomoka, lakini hili ni neno jingine, lililotoka Uskoti. Mchezaji hupiga kijipira kigumu kwa fimbo, akikifuata mpaka kiingie katika shimo dogo lililo mbali. Kisha huliendea shimo la pili, na la tatu, hata yatimie mashimo 18. Mapigo yake yote huhesabiwa, na aliyepiga mara chache kuliko wenziwe ndiye mshindi. Tena huko Portrush hata magofu ya kwetu yapo, maana juu ya jabali la pwani yaonekana mabaki ya ngome ya kale ya Dunluce, na uwanja mkubwa wa chama umepewa jina la ngome hiyo.

Chama kilianzishwa mwaka 1888, wakati Ayalandi yote ilipotawaliwa na Uingereza. Kwanza kiliitwa Chama cha Jimbo. Mwaka 1892 kikapewa heshima ya kuitwa cha kifalme, na mwaka 1895 kikapata jina lake la sasa. Siku hizo mchezo huu ulikuwa wa watu wenye mali na nafasi. Lakini haukubaki mikononi mwao tu. Mwaka ule ule wa 1895 wanawake walifanya shindano lao kuu hapo Portrush. Na miaka minne baadaye May Hezlet, msichana wa miaka 17 aliyelelewa katika mchezo wa Portrush, akashinda shindano hilo mahali pengine, akawashangaza wengi.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1891 vyama 9, na cha Portrush kimoja wao, vilikutana katika mji wa Belfast vikafanya umoja wa vyama vya gofu vya Ayalandi. Hapakuwa na umoja kama huo popote duniani kabla yake. Baada ya miaka 30 nchi ikakatwa vipande viwili: kaskazini ikabaki na Uingereza, na sehemu kubwa ya kisiwa ikashika njia yake ya kujitawala. Mwaka 1921 hata mchezo wa mpira wa miguu uligawanyika, ukawa na wakuu wawili, mmoja Belfast na mmoja Dublin. Umoja wa gofu haukugawanyika. Mchezaji wa kaskazini na wa kusini waliendelea kuvaa nguo za timu moja, ya Ayalandi.

Mwaka 1947 mtu mmoja aitwaye Fred Daly, mzaliwa wa Portrush, ambaye utotoni alikuwa akiwabebea wakubwa fimbo zao, alishinda shindano kuu la Uingereza, ambalo hakuna mtu wa Ayalandi aliyekuwa amelishinda kabla yake. Na mwaka 1951 shindano hilo lenyewe likaja Portrush. Ilikuwa mara ya kwanza kutoka nje ya Uingereza na Uskoti, na mshindi alikuwa Mwingereza, Max Faulkner.

Kisha zikaja siku za giza. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 hata mapatano ya mwaka 1998, watu wa kaskazini waliuana kwa risasi na mabomu, wengi wa upande mmoja wakiwa Wakatoliki na wengi wa upande wa pili Waprotestanti, ingawa wote husoma Injili moja. Waliokufa wapita 3,500. Si ajabu kwamba katika miaka hiyo shindano lile halikurudi.

Lilirudi mwaka 2019, baada ya miaka 68. Watazamaji walikuwa zaidi ya 230,000. Aliyeshinda ni Shane Lowry, mtu wa jimbo la Offaly, yaani wa kusini ya mpaka; naye alishinda kwa tofauti ya mapigo 6, katika uwanja wenye jina la kifalme, jina la ufalme ambao nchi yake ilikwisha kujitenga nao. Watu wa kaskazini na wa kusini wakamshangilia kwa sauti moja wakati wa mvua na upepo. Mwaka 2021 umoja wa wanaume na ule wa wanawake ukafanywa chama kimoja cha kisiwa kizima. Na mwaka 2025 shindano likaja Portrush tena, akashinda Mmarekani, Scottie Scheffler.

Tusiseme kupita kiasi. Gofu haikuzuia hata risasi moja, wala haikumfuta machozi mjane yeyote. Lakini watu wale walipogombana juu ya nchi, juu ya bendera na juu ya utawala, waliacha jambo hili moja nje ya ugomvi wao, wakaendelea kuvuka mpaka kwa ajili yake mwaka baada ya mwaka. Njia isiyopitwa huota majani, na siku ya amani ikija hapana aijuaye. Wao waliiacha njia moja wazi, na siku ilipofika, maelfu walipita.