Floraidi kwenye maji ya kisima: tiba inaanzia kwenye ndoo

Mtoto anang'oka meno ya utoto, yanaota ya ukubwani, nayo yanatoka na madoa ya kahawia. Wazazi wanamgombeza kwamba hapigi mswaki. Mara nyingi chanzo ni maji aliyokunywa tangu akiwa mdogo.

Floraidi ni madini ya kwenye miamba, yanayoyeyuka katika maji ya chini ya ardhi. Yapo kwa wingi katika baadhi ya visima vya Singida, Dodoma, Shinyanga, Arusha na Kilimanjaro. Kiasi kidogo huimarisha meno. Kikizidi kwa miaka mingi, huharibu meno, kisha mifupa: viungo vinauma, mgongo unakakamaa, na watoto wengine miguu inapinda.

Tutajuaje?
Floraidi haina rangi, harufu wala ladha. Kisima kisicho na chumvi kinaweza kuwa nayo nyingi. Ni lazima maji yapimwe maabara. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, kwa kuwa vyanzo vingine vilikuwa haba. Leo kikomo ni miligramu 1.5. Kwa hiyo kisima cha zamani kilichokubaliwa wakati ule kinastahili kupimwa upya. Ombeni kupitia chombo chenu cha watumia maji au ofisi ya RUWASA ya wilaya.

Je, kuna dawa?
Hakuna kidonge cha kuitoa floraidi mwilini. Figo huitoa kidogo kidogo kwa mkojo, na iliyo mifupani huchukua miaka kupungua. Ndiyo maana tiba ya kwanza ni kubadili maji ya kunywa na kupikia. Ya kuogea na kufulia yanaweza kubaki yale yale.

Doa la meno limo ndani ya jino. Kusugua kwa mchanga au majivu kunalika jino tu. Daktari wa meno anaweza kulipunguza au kulifunika.

Anayeumwa viungo au mgongo, na mtoto ambaye miguu inaanza kupinda, wapelekwe hospitali mapema. Waeleze wametumia maji ya kisima gani, na kwa miaka mingapi. Kuna dawa za kupunguza maumivu, mazoezi ya viungo, na upasuaji kwa baadhi ya waliopinda miguu. Mwenye ugonjwa wa figo awe mwangalifu zaidi, kwa sababu floraidi hubaki mwilini mwake kwa wingi.

Nyumbani tufanye nini?
- Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, inazidi kukolea. Dawa ya klorini huua vijidudu tu.
- Vuna maji ya mvua. Yaliyohifadhiwa vizuri tangu masika, wape kwanza watoto walio chini ya miaka 8, ambao meno yao bado yanajengeka.
- Punguza magadi kwenye mlenda na maharage. Baadhi ya magadi yana floraidi nyingi.
- Mpe mtoto maziwa na dagaa. Mwili wenye lishe duni huumia zaidi.
- Chujio la mkaa wa mifupa, lililofanyiwa kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, hunasa floraidi. Mkaa huo huchoka, lazima ubadilishwe.

Meno yaliyokwisha kuota na madoa hayatarudi meupe yenyewe. Ya mdogo wake bado yanaweza kuokolewa.