Nyuzi Zinazoshika Ufa

Mwakumbuka kitabu cha Kutoka, sura ya 5: Farao aliwanyima Waisraeli majani makavu, lakini akawadai hesabu ile ile ya matofali. Majani yalikuwa ya kazi gani? Udongo ukikauka hupasuka. Majani huzishika pande mbili za ufa zisiachane.

Simenti nayo ni hivyo. Ukiigandamiza, ina nguvu. Ukiikunja, hupasuka upesi. Huko Austria Ludwig Hatschek aliichanganya na nyuzi za jiwe liitwalo amianti, akapewa hati ya uvumbuzi mwaka wa 1901. Mabamba yake akayaita Eternit, jina litokalo katika neno la Kilatini lenye maana ya umilele. Yakaezeka nyumba duniani kote.

Mwaka wa 1921 Mwingereza A. A. Griffith, aliyechunguza kioo, alieleza tabia ya ufa. Kadiri unavyorefuka, ndivyo unavyohitaji nguvu ndogo zaidi ya kuendelea. Ukipita kipimo chake, hukimbia wenyewe. Lakini penye nyuzi, kila uzi huvuka ufa kama daraja. Ili ufa upanuke, lazima uzi uchomoke au ukatike, na kuchomoka polepole hula nguvu nyingi. Basi nyuzi hazizuii ufa kuzaliwa, huuzuia kukimbia.

Umilele ule ulikuwa na msiba ndani yake. Vumbi la amianti likivutwa pamoja na pumzi huleta magonjwa ya mapafu na kansa, mara nyingi baada ya miaka mingi. Umoja wa Ulaya umeikataza tangu 2005.

Je, nyuzi za kioo? Kioo cha kawaida huliwa na ukali wa simenti. Katika miaka ya 1960, huko Uingereza, A. J. Majumdar na wenzake walitia zirkonia ndani ya kioo, kikastahimili zaidi. Hata hivyo, penye unyevu, chembe za simenti hujaa polepole kati ya nyuzi na kuzibana. Uzi uliobanwa mno hauwezi kuteleza. Hukatika ghafla, na bamba huvunjika bila kuonya.

Mwenye paa kuukuu la amianti asilikanyage wala asilikate kwa msumeno: laweza kuvunjika chini ya miguu, na vumbi lake huua. Awaite mafundi wanaoijua kazi hiyo. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.