Mchanga unavyosafisha maji ya kunywa nyumbani

WAKAZI wengi wa Gatwekera, mojawapo ya vijiji vya mtaa wa Kibera jijini Nairobi, hununua maji kwa mtungi wa lita 20. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka katika bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a, na husafishwa na kutiwa klorini katika mtambo wa Ng'ethu kabla ya kuteremshwa Nairobi.

Hatari huanza mwishoni mwa safari hiyo. Mabomba ya plastiki yaliyotandazwa kwenye mitaro ya majitaka hupasuka, na nguvu ya maji inapopungua, uchafu hufyonzwa ndani. Mtungi usiooshwa nao huongeza viini vyake. Kipindupindu, kilicholipuka Nairobi mwaka wa 2015 na tena 2017, husambaa kwa njia kama hizo. Ndiyo sababu shirika la SHOFCO, lililoanzishwa Kibera mwaka wa 2004 na Kennedy Odede, liliamua kupitisha mabomba yake juu ya nguzo badala ya ardhini.

Kwa familia inayotumia maji ya mvua, kisima au mto, iko njia nyingine isiyohitaji umeme wala makaa: kichujio cha mchanga.

Asili yake

Njia hii si ngeni. Mwaka wa 1804 John Gibb alichuja maji kwa mchanga mjini Paisley, Scotland, na mwaka wa 1829 James Simpson akajenga mtambo wa aina hiyo London. Uthibitisho mkubwa ulipatikana Ujerumani mwaka wa 1892. Kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 mjini Hamburg, uliokunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Mji jirani wa Altona, uliotumia mto huohuo lakini ukayapitisha maji mchangani, uliepuka janga la kiasi hicho.

Katika miaka ya 1990, Dkt David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Canada, alibuni kichujio kidogo cha kutumika nyumbani, ambacho si lazima maji yapite humo mchana na usiku.

Kinavyofanya kazi

Mchanga wenyewe hunasa tope, mayai ya minyoo na baadhi ya viini. Lakini siri kubwa iko juu ya mchanga, ambako huota utando wa viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho. Viumbe hao hula viini vinavyoingia na maji. Chini zaidi, kusiko na hewa wala chakula, viini vilivyosalia hufa vyenyewe.

Wafugaji wa samaki wa baharini katika matangi ya vioo hutegemea kanuni inayofanana na hiyo: bakteria walioota kwenye mawe na mchanga hugeuza amonia, iliyo sumu kwa samaki, kuwa naitreti isiyodhuru sana. Katika hali zote mbili, mwenye chombo hulea viumbe, navyo humsafishia maji.

Utando huo huchukua takriban siku 30 kukomaa. Katika kipindi hicho maji yaliyochujwa yachemshwe au yatiwe dawa.

Kukitengeneza

Chombo chaweza kuwa cha saruji au plastiki, chenye urefu wa karibu mita moja. Chini huwekwa kokoto za milimita 6 hadi 12, juu yake changarawe ya milimita 0.7 hadi 6, kila tabaka sentimita 5. Hufuata mchanga laini usiozidi milimita 0.7, wenye kina cha karibu sentimita 54. Mchanga wa mawe yaliyosagwa machimboni hufaa kuliko wa mtoni, ambao huwa na mabaki ya mimea na kinyesi cha mifugo.

Bomba la kutolea maji huanzia chini kabisa na kupanda hadi juu kidogo ya mchanga, ili maji yakikoma kutiririka yabaki sentimita 5 juu yake. Yakizidi sana, utando hukosa hewa, yakikauka, hufa. Kibamba chenye matundu madogo huwekwa juu ili maji yanayomiminwa yasichimbe mchanga.

Kichujio kikijazwa, lita moja isitoke kwa muda unaopungua dakika mbili na nusu. Ikitoka upesi zaidi, mchanga ni mkubwa mno.

Kukitunza

Maji yamiminwe kila siku, kutoka chanzo kimoja, nayo yapumzike angalau saa moja kati ya mara moja na nyingine. Mapumziko yasizidi siku mbili. Maji yenye tope yaachwe kwanza yatulie. Mtiririko ukipungua, tope la juu huvurugwa kwa kiganja na kuchotwa, mchanga hauchimbwi.

Kosa kubwa ni kumimina ndani yake maji yenye klorini, maana dawa hiyo huua utando. Kwa hiyo maji ya bomba yanayonukia klorini hayapitishwi humo. Huhifadhiwa tu katika chombo safi chenye mfuniko. Klorini hutiwa baada ya kuchuja, na maji yakaachwa nusu saa kabla ya kunywewa.

Mipaka yake

Utafiti uliofanywa katika eneo la mto Njoro na kuchapishwa mwaka wa 2009 ulionyesha kuwa watoto wa familia zilizopewa vichujio hivi walihara kwa siku chache kuliko nusu ya zile za watoto wa familia zisizokuwa navyo.

Hata hivyo, baadhi ya virusi hupenya, na ndiyo sababu ya kuongeza klorini au kuchemsha. Chumvi haitoki, wala floraidi iliyomo katika visima vingi vya Nairobi. Tena kichujio cha saruji ni kizito, na mpangaji wa chumba kimoja anayehamahama hawezi kukibeba kwa urahisi: kikitikiswa, tabaka huvurugika na kazi huanza upya.

Maji yaliyochujwa hupokelewa katika chombo chenye mdomo mwembamba au bomba, kisichotumika kuchotea maji machafu. Mtungi mmoja ukitumika kwa kazi zote mbili, viini vilivyozuiwa mchangani hurudi mezani.