Ahadi Kabla ya Tingatinga

Mkazi wa Nyakato, hapa Musoma, akisikia mradi wa nyumba unakuja mtaani, huuliza: nasi tutakwenda wapi? Simwiti mpinga maendeleo. Historia inamuunga mkono.

Kule Magomeni Kota, Dar es Salaam, kaya 644 ziliondolewa, nyumba zao zikabomolewa, zikaahidiwa makazi mapya. Zilisubiri miaka kumi hivi, hadi Rais Samia alipozindua majengo mwezi Machi 2022.

Mwenye ardhi anayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999: fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Mpangaji hutegemea zaidi ahadi. Basi ahadi hiyo iandikwe, pamoja na majina na tarehe, kabla tingatinga halijawashwa. Ahadi ni deni.