Mwenyeji na Mgeni Mlangoni pa Chuo Kikuu

Sisi tulio Ufipa twaijua hadithi ya Milanzi. Wazee husimulia ya kuwa hapo kale Mwene Ntatakwa alikaa Milanzi, naye siku moja alitaka kwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka alimwonya mkewe kwamba wageni watakuja, na kwamba asiwaachie kiti chake. Wageni wakaja kweli, nao walikuwa wanawake. Yule mke akaingiwa na hofu, akaondoka kitini, wakaketi wao. Mwene aliporudi alikuta jambo limekwisha. Ndipo wakapatana: nchi ya Ufipa itawaliwe na ukoo wa wale wageni, lakini Milanzi ibaki mikononi mwa wenyeji wake wa kwanza. Kila mzee ana namna yake ya kuisimulia hadithi hii, lakini wote wakubaliana katika neno moja, ya kuwa haki ya mtu hutegemea kama aitwa mwenyeji au aitwa mgeni.

Leo maneno hayo mawili yako mlangoni pa Chuo Kikuu. Mzazi wa Milanzi akiisoma karatasi ya karo ya chuo cha Serikali, ataona hesabu mbili. Ya kwanza ni ya raia wa Tanzania. Ya pili ni ya wageni, nayo ni kubwa zaidi. Watu huuliza, Je, elimu si moja? Mwalimu si yule yule? Mbona mmoja alipa kidogo na mwenzake alipa kingi? Tena wengine huuliza, Mbona mtoto wangu ni mwenyeji, lakini hakupewa mkopo? Maswali haya ni ya haki, na jawabu lake limo katika historia. Basi na tuifuate tangu mwanzo.

Hapo kwanza katika nchi zetu hapakuwa na chuo kikuu, wala karo yake. Lakini alikuwako mtu mmoja aliyesomeshwa mbali, naye ni Adriano Atiman wa Karema. Alizaliwa katika nchi za mto Niger, upande wa machweo ya Afrika, akakamatwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe. Wakampeleka kisiwa cha Malta kujifunza uganga. Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya ziwa Tanganyika, akawatibu wagonjwa mpaka alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67 ya kazi. Malta alikuwa mgeni, na Karema pia alikuja mgeni. Hakuwa na baba wa kumlipia wala serikali ya kumdhamini. Waliomlipia ni Wakristo wa Ulaya waliotoa sadaka, na waliopata faida ni akina mama na watoto wa ziwani ambao wale watoaji hawakuwaona kamwe. Tuyashike haya, kwani ndiyo mzizi wa maneno yote yanayofuata: hakuna elimu ya bure. Ikiwa mwanafunzi halipi, yuko mwingine aliyelipa.

Mwaka 1922 ilifunguliwa shule ya ufundi huko Makerere, Uganda. Ikakua mpaka mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London. Vijana wachache wa Tanganyika walipelekwa huko, na mmojawapo ni Julius Nyerere, aliyesoma Makerere tangu 1943 hata 1945, kisha akaenda Edinburgh mwaka 1949. Nani alilipa gharama za vijana wa namna hiyo? Kwa sehemu kubwa ni Serikali, nayo Serikali ilipata fedha kutoka kwa watu. Babu zetu wa Ufipa walitozwa kodi, na wengi wakaiacha nyanda hii ya baridi, wakaenda kwenye mashamba ya mkonge na machimbo ya dhahabu ya Lupa ili wapate shilingi za kodi. Mtu aliyekata mkonge hakujua ya kuwa jasho lake lamsomesha kijana asiyemjua. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, chuo kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU. Wanafunzi walikuwa 13 tu, wote wa sheria. Mwaka 1963 chuo hiki kikaunganishwa na Makerere na Nairobi, vikawa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika ya Mashariki. Kijana aliyetaka uganga alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Serikali tatu zilishirikiana gharama. Mkenya hakuwa mgeni Dar es Salaam, wala Mtanganyika hakuwa mgeni Kampala. Uenyeji ulikuwa umetanuka, ukavuka mipaka ya nchi.

Katika miaka hiyo Serikali yetu ilibeba mzigo wote wa wanafunzi wake: masomo, chakula, malazi, hata nauli. Ndipo ikazuka hatari ya waliosoma kusahau mahali fedha zilipotoka. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu katika kijiji chenye njaa, aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akila asirudi, ni msaliti. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kuipinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa, na hasa kukatwa sehemu ya mishahara yao katika muda wa utumishi huo. Rais akawafukuza zaidi ya 300 warudi makwao, naye akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa sehemu 20 katika 100. Mwaka 1974, katika Azimio la Musoma, ikaamriwa ya kuwa mtu amalizapo sekondari afanye kazi kwanza miaka miwili ndipo aombe chuo kikuu. Waweza kusema amri hizi zilikuwa kali. Lakini zilitoka katika wazo moja, kwamba karo isiyolipwa kwa fedha yalipwa kwa utumishi.

Hata hivyo ule uenyeji mpana haukudumu. Tarehe 1 Julai 1970 Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kiligawanyika, kila nchi ikachukua chake. Mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika. Kijana wa Kenya aliyekuwa ndugu akawa mgeni. Wala si Afrika peke yake iliyoanza kuhesabu hivi. Uingereza ilianza mwaka 1967 kuwatoza wanafunzi wa kutoka nje karo kubwa kuliko wenyeji.

Kisha fedha za Serikali zikapungua, na watoto waliomaliza shule wakaongezeka. Mwaka 1988 Serikali ilitangaza ya kuwa wazazi na wanafunzi watashiriki gharama, na tangu mwaka 1992 neno hilo likaanza kutimizwa kwa hatua. Kwanza mzazi alilipa nauli na ada za kuandikishwa. Kisha chakula na malazi vikawa juu ya mwanafunzi, naye akakopeshwa na Serikali. Mwisho karo ya masomo nayo ikaingizwa. Kwa ajili hiyo ilitungwa Sheria namba 9 ya mwaka 2004, na mwezi wa Julai 2005 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi. Tangu hapo kile kilichokuwa zawadi kikawa deni lenye hesabu. Mwaka 2016 sheria iligeuzwa, mwenye deni aliyeajiriwa akawa akatwa sehemu 15 katika kila 100 za mshahara wake. Mwaka 2021 ile nyongeza ya sehemu 6 katika 100 iliyokuwa ikiongezwa juu ya deni kila mwaka ikafutwa, na watu wengi wakapata nafuu.

Sasa twaweza kulijibu swali la hesabu mbili. Karo ya raia ni ndogo kwa sababu haitoshi gharama yote ya masomo. Majengo yalijengwa na Serikali, na mishahara ya walimu yatoka katika Hazina. Kila mara mtu wa Milanzi anunuapo sabuni au sukari dukani, sehemu ya bei ni kodi, na kodi hiyo yafika hata kwenye dawati la Chuo Kikuu. Kwa hiyo mtoto wa raia amekwisha lipiwa sehemu kabla hajazaliwa. Mgeni ambaye wazee wake hawakulipa kodi hapa aambiwa alipe sehemu ile iliyobaki.

Lakini nani ni mwenyeji? Hapa kila nchi yahesabu kwa namna yake. Huko Marekani kila jimbo lina vyuo vyake. Mtoto wa California akienda chuo cha serikali ya Texas hutozwa kama mgeni, ingawa nchi ni moja, mpaka athibitishe kwamba amehamia kweli. Na mara nyingi hutakiwa awe amekaa humo miezi 12 kwa nia ya kubaki, si kwa ajili ya masomo tu. Kwetu sivyo. Mtoto wa Milanzi na mtoto wa Tanga hulipa sawasawa Dar es Salaam, kwa maana hapa kinachotazamwa ni uraia, wala si mahali mtu alalapo.

Kanuni hii ina uzuri wake, lakini pia ina uchungu. Tazama mpaka wetu wa kusini. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana Ulaya, wakapiga mstari kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Nyasa. Mstari ule uliwapasua Wamambwe na Walungu, wengine huku, wengine upande ambao leo ni Zambia. Watoto wawili wa babu mmoja, wenye lugha moja, wakifika chuo kimoja cha Serikali, mmoja atalipa karo ya raia na mwenzake ataulizwa karo ya mgeni.

Tena watazame wale waliokimbia vita vya Burundi mwaka 1972, wakakaa Katumba na Mishamo, ambako hapo awali kulikuwa katika Mkoa wetu wa Rukwa, na leo ni Mkoa wa Katavi. Walilima, wakazaa, na watoto wao hawakuijua nchi nyingine. Lakini kukaa miaka mingi hakukuwafanya raia. Mtoto aliyezaliwa kule aliweza kufaulu mitihani yote, lakini mlango wa mkopo ulikuwa umefungwa kwake, kwani mkopo ni wa raia. Ni mwaka 2014 ndipo watu hao, ambao hesabu yao ilizidi 162,000, walipoanza kukabidhiwa vyeti vya uraia. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walilishika jembe zaidi ya miaka 40 kabla ya kuitwa wenyeji.

Yako pia matumaini. Mwaka 1997 nchi za kusini mwa Afrika, na Tanzania pamoja nazo, ziliahidiana katika mkataba wa elimu kwamba wanafunzi wa nchi hizo watendewe kama wenyeji katika karo, jambo hili litimizwe kidogo kidogo. Na mwezi wa Mei 2017 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza ya kuwa nchi zao ni eneo moja la elimu ya juu. Ahadi hizi zajaribu kurudisha kile kilichopotea mwaka 1970. Lakini tangazo la wakuu na karatasi ya karo ni vitu viwili, na mzazi mwenye busara huuliza chuoni kwanza kabla ya kuuza ng'ombe.

Nawaomba wazazi walishike na hili. Mara nyingi mtoto wetu hukosa mkopo, nasi twasema ameonewa, kumbe karatasi zake hazikutimia. Bodi hutaka kwanza mwombaji awe raia na awe amepata nafasi katika chuo kinachotambuliwa; kisha hutazama uhitaji wake, yaani kama ni yatima, au ni mlemavu, au wazazi ni maskini. Mambo hayo yote huthibitishwa kwa vyeti. Katika vijiji vyetu wengi wana cheti cha ubatizo tu. Cheti hicho ni cha heshima, nacho chaweza kukusaidia kupata cheti cha kuzaliwa cha Serikali, lakini hakisimami mahali pake. Usingoje mtoto amalize kidato cha sita ndipo uanze kukitafuta. Na mzazi wa mtoto akifariki, cheti cha kifo kitafutwe mapema, kwani bila hicho yatima hatajulikana kuwa yatima.

Nanyi vijana mliokwisha soma, kumbukeni mfano wa talanta. Yule aliyeificha yake ardhini hakuiba, wala hakuipoteza, lakini bwana wake alimkasirikia. Karo ile ndogo mliyolipa ililipiwa sehemu iliyobaki na mkata mkonge, na mama muuza maharage sokoni Sumbawanga, na watu ambao watoto wao hawakuvuka darasa la saba. Mkirejesha mkopo, kijana mwingine atapata nafasi. Na hata mkiisha kumaliza deni la Bodi, lingaliko lile deni lisiloandikwa. Atiman wa Karema hakudaiwa na Bodi yoyote, wala Karema hapakuwa kwao; lakini alilipa siku zote za maisha yake, na hapo ndipo alipopata kuwa mwenyeji.